Ubao wa Glenys na Kona ya Daraja la 41

Jumanne, 13 Juni
Mke wangu Glenys amenipa hadi Jumapili. Amesema akila chakula cha mchana cha Jumapili penye utulivu, mara moja tu, bila kusikia jenereta ya mtu, tutabaki kuishi kwenye boti yetu hapa mferejini. La sivyo boti inauzwa, na sisi tunahamia mjini Stoke kwa dada yake, mwenye bafu kubwa na mdomo usiofungwa. Nilimwuliza kama anatania. Hatanii.

Jenereta ni ya Pickersgill. Ya nani mwingine? Popote tunapofunga boti, huyo na boti yake nyuma yetu, anasugua shaba zake na kugawa ushauri. Leo kaniuliza lile fundo langu la kamba nimefundishwa na nani. Nikamwambia jeshi la majini. Sijawahi kukanyaga jeshini. Akasema basi nchi iko hatarini. Mshenzi!

Jumatano, 14 Juni
Malango saba ya maji, yale ya kupandishia na kushushia boti, kabla ya chai ya saa nne. Glenys kwenye usukani, mimi nazungusha vyuma vya malango mpaka kiuno kikalia. Bibi mmoja na mbwa wake walitupita kwa miguu. Mbwa alikuwa anachechemea.

Halafu, baada ya Daraja la 41, kona! Mti wa mwerebi, maji mapana, ng'ombe mmoja, basi. Glenys alizima injini, akasikiliza, akatabasamu. Mara ya mwisho ilikuwa Pasaka.

Ila maji ya kunywa yamekwisha, tanki la choo limejaa, na bomba liko maili mbili mbele. Na kwenye mfereji hakuna kuwekeana nafasi: ukishafungua kamba, mahali si pako tena. Na kwa darubini namwona Pickersgill, Daraja la 39, anakuja na kofia yake.

Alhamisi, 15 Juni
Nina akili mimi! Glenys alipokwenda shambani kununua mayai, nilichukua ubao, nikaupaka rangi ya buluu, nikaandika kwa nyeupe: MAHALI PA KUGEUZIA BOTI. USIFUNGE HAPA. Hakuna mtu wa mfereji atakayethubutu. Nikaupigilia kwenye kigingi kando ya maji, majani yakiuficha upande wetu, Glenys asiuone, tukaondoka. Mpango: kurudi, kuung'oa, kustarehe.

Tumerudi. Pametulia, hapana mtu. Isipokuwa Bi Frobisher, mama anayejitolea kuutunza mfereji, mwenye koti la buluu na daftari. Keshafyeka majani, anaufuta ubao kwa leso! Kasema ameandika barua miaka tisa akiomba ubao huo, na leo Mungu kamsikia. Nikauliza kama tunaweza kufunga hapo kidogo. Kanisomea ubao. Neno kwa neno. Ubao wangu!

Tumefunga hatua hamsini mbele. Pickersgill kafunga nyuma yetu. Jenereta inanguruma. Glenys kauliza kwa upole mawakala wa kuuza boti hufungua saa ngapi.

Ijumaa, 16 Juni
Habari zimeenea. Kila mwenye boti ndefu anakuja kugeuzia kwenye kona yangu. Saa tano ikaja boti ya kukodi, futi sabini, imejaa vijana wa sherehe ya bwana harusi mtarajiwa, wote na kofia za nahodha. Wakageuza. Pale pana futi sitini, nimepapima kwa macho mwenyewe. Pua imezama kwenye tope ng'ambo hii, mkia ng'ambo ile. Boti kumi na moja zikapanga foleni, zote zinapiga honi. Pickersgill anaongoza msafara kwa kitambaa chake cha kusugulia shaba. Ng'ombe kahama.

Glenys akaenda kutazama. Akakaa nyuma ya ubao muda mrefu. Akarudi akaniuliza kwa nini ubao wake wa kukandia unga, wenye alama ya pasi iliyouunguza mwaka wa harusi yetu, unaongoza magari ya majini. Nikasema duniani watu wawili wawili, na mbao pia. Hakucheka.

Jumamosi, 17 Juni
Trekta la mkulima limewavuta wale vijana na boti yao. Nimekiri kwa Bi Frobisher. Kamwaga machozi, yule mama, kisha akaandika kurasa nne. Glenys hasemi nami. Anafunga vyombo kwenye magazeti, sahani moja moja. Nimeogopa kweli. Sitaki Stoke. Sitaki kumkosa huyu mwanamke akiwa kwenye usukani na kikombe chake.

Jumapili, 18 Juni
Saa sita mchana, kimya. Kimya kabisa! Nyama imeokwa, viazi vimekaangika vizuri, ndege wanalia. Glenys kafungua sahani zote.

Kumbe alikwenda kumgongea Pickersgill akamwomba azime jenereta. Akazima. Kasema miaka sita hakuna aliyewahi kumwomba. Kuomba! Njia ya watu wasio na mawazo. Na sasa yuko mezani kwangu, amealikwa, anapakua mchuzi mara ya tatu na kunieleza namna ya kukata nyama.

Boti haiuzwi. Glenys kaapa kwamba akiniona tena na brashi ya rangi, anapiga simu Stoke papo hapo.

Ubao nimerudishiwa. Upande wa pili, wenye alama ya pasi, bado haujaandikwa. HATARI: NG'OMBE MKALI, ingetosha kumhamisha mtu.

Brashi kaikataza. Mkaa hakuutaja.