Mkulima wa Luvungi Asiyejua Jembe

Marafiki, leo sura yangu nimeiacha chuo kikuu na sijui nani atanirudishia.

Mnanijua. Shule niliiacha mapema, kazi sidumu nayo, ila pua yangu huingia popote watu walipokusanyika. Miezi michache iliyopita nilimkuta mwanafunzi mmoja, Espoir, kwenye soko la Kadutu. Taasisi ya utafiti wa kilimo ya chuo ilimtuma kuwahoji wakulima wa muhogo. Kila anayejibu anapewa sabuni.

"Papa, uko mukulima?"

"Wa Luvungi!" nikasema. (Luvungi nimepita mara mbili, zote nimelala juu ya lori.)

Maswali yalikuwa mengi, nami nikanogewa. Alipouliza ninafanya nini muhogo usioze, nikamwambia napaka majivu miti yake, vile vipande vya shina vya kupanda, kisha naipanda kichwa chini ili maji ya mvua yateremke. Espoir aliandika mpaka jasho likamtoka, akanipiga picha na sabuni yangu, akachukua na namba ya simu. (Ninachojua kuhusu muhogo kinaanzia kwenye sahani.)

Leo asubuhi wakanipigia simu: taasisi inawaonyesha wananchi kazi yake, njoo. Nikaenda mbio. Siku zote nilitaka kujua wanafanya nini mule ndani ya nyumba zao za vioo.

Ukumbi ulijaa. Mkuu wa taasisi, maman profesa mmoja mwenye miwani mikubwa, akaeleza vizuri hadi mimi nikaelewa. Wanampimia mkulima udongo wake bure. Wamepata aina ya muhogo isiyoshikwa haraka na ugonjwa, na leo wanagawa miti yake. Nilipiga makofi kuliko wote. Kumbe zile nyumba za vioo zina faida!

Kisha akasema, "Na sisi tunajifunza kwa wakulima." Ukutani ikatokea picha. Kubwa kama mlango wa gereji. Mimi, nimekumbatia sabuni.

"Mbinu yake tuko tunaijaribu katika shamba letu. Na mwenyewe iko hapa! Papa, njoo utuelezee."

Miguu ilipanda jukwaani yenyewe, mimi nikaifuata.

Ndipo mama mmoja akasimama katikati ya ukumbi. "Naitwa Mwamini, niko mukulima wa Luvungi. Papa, unalima upande gani?"

"Karibu na... kanisa."

"Kanisa gani?"

"Lile kubwa."

Watu wakaanza kukohoa. (Kikohozi kile nakijua. Ni kicheko kilichovaa koti.)

Lakini Maman Mwamini hakuwa anacheka. "Papa, muhogo yangu yote ilioza. Nimebaki na shamba moja ya kupanda. Nikikosea, mwaka huu watoto hawana kitu. Uniambie mbele ya Mungu: niigeuze miti kichwa chini, ao nisiigeuze?"

Profesa ananitazama. Espoir, kalamu mkononi, anatabasamu kama bwana harusi. Neno moja tu, "geuza", na ningeshuka na heshima yangu yote. Nikamwangalia yule mama.

"Maman, usigeuze. Mimi sijalima hata kitunguu. Nilitaka sabuni."

Ukumbi ukapasuka kwa kicheko! Kuna papa mmoja alianguka na kiti chake. Mwingine akapaza sauti, "Muulize na mvua itanyesha lini!"

Profesa peke yake hakucheka. Akavua miwani. "Wiki kumi na moja," akasema polepole. "Kila Jumatatu tuko tunapanda mulima mpaka kwenye shamba letu na mètre ya kupimia mukononi. Miti imeota mitatu tu, na yote imepinda. Tulifikiri udongo wetu iko mugonjwa. Tukaupima mara mbili!"

Espoir akafunika uso kwa daftari. (Mbinu ile ndiyo kazi yake ya kumaliza masomo. Mungu anisamehe.)

Maman Mwamini alipewa fungu la miti mipya, ile nzuri. Akalibeba hadi kwangu, akanitwika kichwani bila kuniomba. "Twende, Papa wa Luvungi. Leo utajua muhogo iko na uzito gani." Tukateremka kilima chote cha chuo, mimi mbele, yeye nyuma, wanafunzi wamejipanga pande mbili wakipiga makofi.

Tafadhali msinicheke, shingo bado inauma. Ila mtafiti akikuuliza kitu usichokijua, sema hujui. Wale watu, jamani, wanaenda kupima kweli!