Kitanda cha Kanga za Sikuzani

Jumapili, 3 Novemba 2024. Visiga.

Sikuzani kapiga simu kutoka Kurui. Alikwenda kumsaidia bibi yake kuokota korosho, na korosho zinakaribia kwisha bila yeye kutaja neno kurudi. Leo kalitaja. Atakuja Jumamosi na bibi, atakagua chumba cha kulala. Kikiwa chumba, atabaki. Kikiwa bado ghala, atafungasha kanga zake zilizobaki na kuondoka moja kwa moja. Kasema kwa upole. Upole wake ndio unaonitisha.

Niandike ukweli. Mke wangu aliondoka kwa sababu ya mashine ya kutotolesha vifaranga. Niliiweka chumbani, upande wake wa kitanda, kwa kuwa ndiko kwenye joto. Hakutoka kifaranga hata mmoja. Mayai yalioza, kisha yakapasuka. Harufu sitaiandika.

Mashine nimeitoa. Chumba hakijapona. Ukuta una madoa, dari imekula maji, dirisha halina pazia. Nimekaa kitandani nikakumbuka tulipoanza maisha, chumba cha kupanga pale Tangini. Kilikuwa kidogo kuliko hiki, lakini ukiingia ulikuwa hutaki kutoka. Sijui kilikuwa na nini.

Jirani yangu Silvanus, anayefanya kazi ofisini, kanikuta uani. Kanieleza bila kuulizwa kwamba mkewe Eugenia amebadilisha mapazia yote. Tabaka mbili, yenye pete za kutundikia. Nimempa hongera. Haikutoka moyoni.

Jumatatu, 4 Novemba.

Nimepata dawa! Kwenye simu kuna dada anafundisha kupamba chumba kwa vitambaa vya humo humo ndani. Shuka kuukuu linakuwa pazia. Kanga zinakatwa vipande, zinaunganishwa, zinakuwa tandiko la kitanda. Kasema kila nyumba ina hazina, ila watu hawafungui macho. Mimi nimefungua macho. Halafu nikafungua sanduku la Sikuzani.

Ni sanduku la bati, linakaa uvunguni. Lina kufuli. Kufuli hilo ukilitikisa linaachia, na Sikuzani hajui kama najua.

Asubuhi yote imeishia hapo. Juu kabisa nimekuta kanga ya rangi ya machungwa, pindo limelika. Hii ndiyo aliyovaa siku nilipomwona mara ya kwanza, Kurui, kwenye harusi ya binamu yake. Alikuwa anapika pilau na moshi wote unamfuata yeye. Nikajitia kijana wa msaada, nikainama kupuliza moto, nikaunguza nyusi zote mbili. Alicheka mpaka akakaa chini. Nimeinusa kanga leo. Bado ina moshi. Au mimi ndiye niliyetaka iwe nao.

Chini yake ya bluu. Hii ilikuwa pazia letu Tangini, kati ya kitanda na jiko. Upepo ukiingia inanyanyuka, namwona anachoma chapati. Inashuka, simwoni. Inanyanyuka tena. Basi hicho ndicho chumba kile kilichokuwa nacho.

Kisha mbeleko ya binti yetu Tunu, imefifia hata maua hayaonekani. Tunu sasa yuko kwa mumewe huko Mlandizi, hapigi simu ila kwa shida. Nimelia kidogo. Si kidogo.

Halafu nikachukua mkasi.

Jumanne, 5 Novemba.

Nimempelekea Ponsiano, fundi cherehani wa barabarani, mfuko mzima wa vipande. Kauliza kama mwenye kanga anajua. Nimemjibu anajua sana. Akaanza kushona. Mafundi wa siku hizi wana maswali kuliko mahakimu.

Chini kabisa ya sanduku nilikuta furushi ambalo lazima nilisifie. Ndani yake bafta nyeupe, mpya, ndefu. Pamba safi. Chupa ya marashi ya waridi. Udi. Na vidonge vyeupe vyenye harufu kali. Kumbe Sikuzani naye alikuwa na ndoto ya chumba kizuri, amekusanya vifaa kimya kimya, nami nikamletea mayai. Moyo umeniuma. Nitamtimizia.

Bafta itakuwa dari ya kitambaa, inashuka pande zote za kitanda kama kwa sultani. Pamba itajaza mto. Marashi ni ya kunyunyiza.

Ponsiano kaiona bafta akauliza nani amefariki. Nimemwambia hajafariki mtu, nataka aipinde pindo tu. Kairudisha mikononi mwangu, kasema bafta ya namna ile hashoni mapambo, nitafute mwingine. Uvivu. Nitaitundika mwenyewe.

Ile harufu ya vidonge naijua, siikumbuki ya wapi. Ni harufu ya mahali watu wanapozungumza polepole. Misibani mimi nakaa upande wa sufuria, mengine sifuatilii.

Jumatano, 6 Novemba.

Pazia limekamilika. Nilibakiza doti moja mpya, haijakatwa katikati, Sikuzani aliiweka kwa shughuli. Inaenea dirisha zima. Nimeitundika maandishi yakitazama nje, maana uzuri wa kanga ni jina lake, na dirisha hilo linatazamana na la Silvanus. Naye aone kwamba bila pete mtu anaishi.

Imeandikwa: YA KWENU YAMEWASHINDA, YA KWETU MNAYACHUNGULIA.

Nimesimama nje nikaitazama. Imekaa vizuri mno.

Alhamisi, 7 Novemba.

Eugenia karudisha kinu chetu alichoazima. Hakupiga hodi. Kakiacha mlangoni, mchi kautupa pembeni. Silvanus nimemsalimia asubuhi, kajibu huku anatembea. Jioni pazia lao lilifungwa, tabaka zote mbili.

Wivu huo. Sikuutarajia mapema hivi.

Ijumaa, 8 Novemba.

Baada ya sala nimetundika bafta. Msumari umenidunga kidole mara kadhaa, lakini imeshuka pande zote, nyeupe, imetulia. Tandiko la Ponsiano nimelitandaza chini yake. Jamani! Machungwa ya Kurui yamekaa jirani na bluu ya Tangini, mbeleko ya Tunu iko katikati pale miguu inapoota joto. Maisha yetu yote yanalalika.

Nimenyunyiza marashi, nimechoma udi, vidonge nimevitawanya chini ya godoro. Nikajilaza kujaribu. Moyo ulitulia kwa namna ya ajabu. Nikawaza dunia ni mapito. Nikawasamehe Silvanus na mapazia yake. Sijawahi kuona mapambo yenye nguvu hiyo.

Jumamosi, 9 Novemba.

Niandike kwa utaratibu.

Wamefika kabla ya adhuhuri, Sikuzani na bibi yake, Bibi Mwanahalima. Sikuzani alikuwa na begi moja limejaa na jingine tupu, la kuchukulia kanga zake. Lile tupu lilinitia baridi. Hata uani hakumaliza kuingia, akaliona dirisha. Akasimama. Akalisoma. Akaniuliza tangu lini. Nikamjibu tangu Jumatano. Akaweka mabegi chini, akaenda kwa Eugenia kuomba radhi kabla hajavuka kizingiti chake mwenyewe.

Nikabaki na bibi. Bibi Mwanahalima ni mtu wa utani, na mimi kwake ni mume. Nikampa shikamoo. Kaitikia marahaba mume wangu, kasema mgongo umemwisha kwa safari, nimwonyeshe tunapolala kabla mke mwenzake hajarudi.

Nikamwingiza kwa fahari. Nikamlaza, nikamwekea ule mto mpya. Akavuta pumzi. Akavuta tena. Akafumbua macho akatazama juu.

Kisha akauliza, "Mume wangu, mimi nimekufa lini?"

Bafta ile ni sanda yake. Ya kwanza ililiwa na mchwa Kurui, akanunua nyingine akampa mjukuu wake amtunzie kwenye bati. Pamba ni ya kuzikiwa, marashi ni ya kuzikiwa, na vile vidonge ni karafuu maiti. Ndipo nikakumbuka harufu ile naijua wapi. Nilitamani ardhi inimeze, ila kwa vifaa nilivyovitandaza, ilikuwa aibu kuitamani mbele yake.

Nilianza kupanda kitandani niing'oe. Akanizuia. Kasema niache kwanza, aone. Akaigusa kwa vidole, akageuza kichwa juu ya mto. Kasema kumbe ndivyo kutakavyokuwa, si kubaya, na wangapi wanalala chini ya sanda yao halafu wanaamka kula wali. Akaanza kucheka. Alicheka mpaka ikabidi nimwinue asipaliwe.

Sikuzani akatukuta hivyo. Bafta aliiona, akashika kichwa. Halafu akaliona tandiko. Hakupiga kelele. Alipiga magoti, akaweka kidole kwenye kipande cha machungwa. Akauliza nani amekata. Nikasema Ponsiano. Akaniangalia. Nikasema mimi.

Akavuta sanduku, tupu. Kauliza kanga zake nyingine ziko wapi. Nikaonyesha kitanda.

Nikajua nimemaliza ndoa yangu kwa mkasi. Nikatoka hadi mlangoni, nikakaa.

Aliyeniokoa ni bibi. Alianza kupapasa vipande. Hasomi, lakini kanga anazijua kwa sura zao. Akamwambia, hii nilikununulia Mzenga mwaka ule korosho zilipokubali. Hii ndiyo uliyojifunika ukaugua surua. Sikuzani akasema hapana, ya surua ni hii ya kijani. Bibi akabisha. Wakabishana. Nilipochungulia, Sikuzani alishapanda kitandani, amekalia Tangini, anamweleza bibi habari za chapati na upepo. Sikujua kama naye anakumbuka. Kisha akafika kwenye machungwa, akasimulia nyusi zangu. Wakacheka wote wawili, na mimi huku mlangoni nimejifanya nafukuza kuku.

Magharibi alinijia. Kasema alikuja kuchukua kanga zake aondoke, na mwanamke wa Kurui haondoki kwa mumewe bila kanga zake, watu watasema amefukuzwa. Sasa, ukiacha ile ya dirishani, zote zimeshonwa kitandani. Kitanda hakibebeki.

"Kwa hiyo nakaa na nguo zangu," kasema. "Wewe usijidhanie."

Nimejidhania kidogo tu.

Jumapili, 10 Novemba.

Bibi Mwanahalima karudi Kurui, Sikuzani kamsindikiza, kesho anarudi. Bafta nimeifua na kuikunja mwenyewe, kwa adabu. Bibi kasema marashi yaliyobaki niyaache, hana papara. Pazia nimeligeuza, maneno sasa tunayasoma wenyewe.

Kabla ya kuondoka Sikuzani aliniapisha nisiguse sanduku lake maisha yangu yote. Nikaapa kwa Mungu na kwa kichwa cha Tunu. Halafu akafungua lile begi lililojaa, akatundika kabatini madera yote aliyorudi nayo kutoka Kurui. Yale ya Idi kabisa, mapana, yana maua na nakshi shingoni. Nilisimama nikayatazama yakining'inia mahali pake. Mke akitundika nguo kabatini, amerudi. Nimeshukuru sana.

Nimekaa sebuleni mchana kutafakari. Funzo la wiki hii ni wazi. Vitambaa vinarudisha mke. Kama chumba kimoja kimemrudisha, nyumba nzima itamfanyaje? Na hapa sebuleni makochi yanatia huruma, sponji iko nje.

Dera moja linafunika kochi zima, na nakshi ya shingo itaangukia pale pa kuegemeza kichwa. Ponsiano anafungua asubuhi.

Niliapa kuhusu sanduku. Kabati hakulitaja.