Picha Pacha za Mke Wangu

Jumatatu, 3 Machi
Mwezi wa tano huu tangu mke wangu, muuguzi, ahamishiwe hospitali ya mbali. Bado nalala upande wangu wa kitanda, kama vile atanisukuma.
Leo kwenye studio yangu ya picha za vitambulisho mteja kanionyesha kidude cha karatasi ngumu. Unachomeka simu, unachungulia kwa lenzi mbili, na picha mbili zilizopigwa kwa kusogea kidogo zinaungana kuwa kitu chenye mwili. Alikuwa na picha za ng'ombe. Niliruka nyuma nisipigwe pembe!
Ninazo picha mbili za mke wangu akicheka mlangoni. Nilizipiga moja baada ya nyingine, nikasogea kidogo katikati. Bahati iliyoje!

Jumanne, 4 Machi
Natengeneza kidude changu: boksi la viatu tayari. Lenzi sina. Fundi saa wa jirani anazo, nikamwomba kwa adabu zote. Akasema lenzi zake si za kuchungulia wanawake. Nikamwambia ni mke wangu. Akasema basi nikamtazame huko aliko. Mjuaji!
Mama mkwe, ninayeishi naye, ana miwani ya kusomea. Siku hizi hasomi sana.

Jumatano, 5 Machi
Nimezing'oa lenzi zake. Mama mkwe ameshinda akitafuta miwani, nami nimemsaidia kwa bidii, hadi uvunguni. Akatia chumvi kwenye chai. Nimekunywa vikombe viwili bila kukunja uso.
Jioni nikachungulia. Yupo! Pua mbele, masikio nyuma, mlango nyuma yake. Nikanyoosha mkono nimshike shavu. Nikagonga kabati.

Alhamisi, 6 Machi
Nimefumaniwa. Mama mkwe alinikuta nikiongea na boksi, kwa uso wake ule wa kuitisha kikao cha ukoo. Akaninyang'anya boksi, akachungulia mwenyewe. Akakaa chini polepole.
"Mwanangu," akasema. Basi. Hakuliachia boksi mpaka sufuria ikaungua jikoni.
Kisha akampigia simu bintiye: "Mumeo anaongea na boksi. Njoo."

Ijumaa, 7 Machi
Anakuja kesho! Ruhusa ya siku mbili. Nimenyoa ndevu, nimejikata mara tatu. Nimemwomba fundi saa msamaha kwa kumwita mjuaji, akaniazima stendi ya simu. Nina mpango mkubwa.

Jumamosi, 8 Machi
Amefika. Kakonda. Ananukia sabuni ileile. Kabla hajavua viatu nikamsimamisha dirishani, mwanga ulikuwa mzuri sana. Usicheke. Usipumue. Nikasogea. Tena.
Baada ya jozi ya kumi na mbili akasema, "Mume wangu, mimi niko hapa. Nitazame."
Nikamwambia asubiri kidogo, jua linaondoka.

Jumapili, 9 Machi
Jozi arobaini na moja: akila, akimsuka mama yake, akifunga begi. Kwenye ile ya begi alikuwa amenuna, lakini imetoka safi. Kituoni alinishika mkono, akasema alitaka tuongee kidogo tu. Mkono mmoja haupigi picha vizuri, nikauomba wangu. Akanirudishia. Basi likaondoka.

Jumatatu, 10 Machi
Nimechungulia tangu asubuhi, wateja wamegonga wamechoka. Yupo kila mahali, karibu kabisa, na hakuna hata jozi moja ambamo ananitazama. Nimewaza sana kosa liko wapi. Nimelipata: simu moja haitoshi. Akija tena naweka mbili, tena naanza palepale kituoni, kabla hajashuka.