Mkaguzi wa Ngazi Saba

Bwana Kibali hakuwahi kufanya kazi ya halali tangu azaliwe, na si kwa uvivu. Alikuwa na kipaji, na kipaji, alisema, ni dhambi kukiacha kilale. Asubuhi hiyo, akipita mbele ya ofisi ya leseni za biashara, alimwona fundi cherehani mmoja kwenye kiti cha magurudumu, chini ya ngazi saba, akiwapungia mkono makarani wasiomwona.

"Wamekusahau, dada?"

"Mwaka wa pili huu. Fomu zangu hupandishwa na askari wa mlangoni, na mbili zimeshapotea. Bila leseni, kibanda changu kinafungwa mwisho wa mwezi."

Kibali alizitazama zile ngazi, akaona riziki. Jengo lilikuwa la bahili mmoja aliyelipangisha kwa serikali.

"Kesho kaa hapa hapa. Usiseme neno, wewe huzunika tu. Mgao wako upo."

"Huzuni ninayo ya kutosha," fundi akajibu.

Kesho yake Kibali alifika na suti ya kuazima na tepu ya kupimia, akazipima ngazi kwa uchungu kama anayepima kaburi. Mwenye jengo akatoka mbio.

"Mzee, mimi ni mkaguzi wa majengo. Jengo la umma halina njia ya mteremko? Mwone raia huyu! Ripoti yangu ikifika, serikali inahama."

Mwenye jengo angekubali kung'olewa meno yote kuliko kumpoteza mpangaji yule. "Mkaguzi, haya hatuwezi kuyamaliza kiutu uzima?"

"Kiutu uzima yanamalizika."

Bahasha nene ikatoka. Kibali akanyoosha mkono.

"Hapo hapo!" Fundi akasukuma magurudumu, akajiweka katikati yao. "Asante, msaidizi, umefanya vizuri. Mzee, mkaguzi ni mimi. Huyu namtanguliza kuwajaribu wenye majengo. Nawe umetoa hongo mbele ya askari wa mlangoni."

Kibali akaurudisha mkono mfukoni. Angemkanaje mkaguzi wa uongo bila kujikana mwenyewe?

"Nisamehe, mama!" mwenye jengo akalia.

"Bahasha hiyo ni ya simenti. Kazi ya kujenga mteremko ianze leo. Kila futi moja ya kupanda, futi kumi na mbili za kwenda, na msaidizi wangu atabeba zege." Akamvuta Kibali karibu, akanong'ona: "Au tuwaite polisi, kaka, uwaeleze wewe?"

Msomaji mwenye roho nyepesi ajikaze: Bwana Kibali alitoka jasho. Alisukuma toroli siku tisa, malengelenge yakamjaa viganjani, na mafundi wenzake wakamsifia bidii, jambo lililomuuma kuliko malengelenge.

Zege lilipokauka, fundi alipanda peke yake, bila kusukumwa. Juu kabisa alikisimamisha kiti, akalia kidogo, wala hakuona aibu. Kisha akaingia, akanyoosha mkono hadi ukamuuma, akaifikisha fomu yake kaunta. Karani akagonga muhuri mbele ya macho yake.

Leseni ikiwa mapajani, aliitazama ile kaunta iliyompita kichwa, iliyojengwa kwa wanaosimama tu.

"Msaidizi!"

Kibali alikuwa ameshafika getini, huru kabisa, hakuna aliyemshika. Akageuka.

"Naam, mkuu?"

"Rudi uvae ovaroli."