Pasi au Tiketi: Mwenyekiti Tatewaki Atoa Taarifa ya Msafara wa Hamaura

(Imenukuliwa neno kwa neno, pamoja na kelele za ukumbini, na Katibu Nukina wa Jumuiya ya Wazee ya Kamisugi.)

Mheshimiwa Naibu Msaidizi wa Mkuu wa Idara ya Ustawi wa Wazee, ambaye hakuweza kufika kutokana na uzito wa majukumu yake lakini ametutumia kadi yenye jina lake, kadi ambayo tumeiweka kwa heshima zote juu ya mto wa kukalia ulio mbele kabisa, karibu na jiko la mafuta ya taa ili isipate baridi. Mheshimiwa Mwenyekiti mstaafu wa Jumuiya hii, ambaye ni kaka yangu. Mheshimiwa Mwenyekiti mtarajiwa, ambaye ni mwanangu. Waheshimiwa wajumbe wa Kamati Kuu ya Msafara, na wa Kamati ya Kuratibu Kamati. Mama zangu, baba zangu, na ninyi nyote mlioacha viatu vyenu pale mlangoni vikiwa vimeelekea nje kwa mpangilio wa kupendeza, isipokuwa mmoja wenu ambaye namfahamu na leo sitamtaja: nawasalimu kwa unyenyekevu mkubwa unaolingana na cheo changu!

(Makofi. Mzee Kusakabe, muuza tofu ya maharage ya soya, anatoka kwenda kupanga viatu vyake.)

Asante, asante, ketini. Aliyesimama kwa sababu ya magoti aendelee kusimama. Ndugu wajumbe, leo ni siku ya kihistoria, na nasema hivyo nikiwa mtu ambaye historia naifahamu kwa karibu, maana nilikuwa naibu mkuu wa kitengo katika chama cha ushirika cha wakulima kwa muda mrefu kuliko mtu mwingine yeyote, na katika muda wote huo sikuwahi kufanya kosa hata moja, kwa sababu sikuwahi kukurupuka kufanya uamuzi. (Makofi hafifu. Kaka yake anapiga makofi kwa nguvu.) Mnakumbuka kwamba miaka mitatu iliyopita, katika ukumbi huuhuu, Bibi Tokie Onodera, yule pale karibu na dirisha mwenye begi magotini, aliinua mkono akauliza, nanukuu: “Mwenyekiti, kwa nini tusiende Hamaura, kule pwani, kwa treni, sote pamoja, tukale kaa?” Mwisho wa kunukuu. Mtu asiye na uzoefu wa uongozi angejibu, “Haya, twende.” Mimi nilijibu kwamba tutalitazama suala hilo kwa mtazamo chanya, na leo niko mbele yenu kuthibitisha kwamba tumelitazama.

(Bibi Tokie: “Na mimi nimengoja, Mwenyekiti. Tunakwenda lini?”)

Naipokea hoja ya Bibi. Nitaifikia katika sehemu ya nne ya hotuba yangu.

(Sauti kutoka nyuma: “Hii ni ya ngapi?” Mwenyekiti: “Huu ni utangulizi.” Miguno. Chai inaongezwa.)

Ndugu wajumbe, kabla ya kwenda popote, kiongozi makini hujiuliza: tutakwenda kwa pasi au kwa tiketi? Msicheke, suala hili ni zito na lina wadau wengi. Pasi ya Majira, kama inavyouzwa na shirika la reli, ni karatasi moja inayobeba watu watano siku nzima, kwa sharti kwamba wapande treni za polepole tu, zile zinazosimama kila stesheni hata kama aliyeko ni paka, na kwamba wote watano wapite getini kwa pamoja wakati wa kuingia na kwa pamoja wakati wa kutoka. Tiketi, kwa upande mwingine, kila mtu anajinunulia yake. Na hapa ndipo nawaomba mnisikilize kwa makini, kwa maana mtu mwenye tiketi yake mkononi anaweza kufanya jambo lolote! Anaweza kupanda treni ya haraka huku wenzake wakiwa kwenye ya polepole. Anaweza kulala hadi akapitiliza. Anaweza, Mungu apishe mbali, kuona maua ya michungwa dirishani akashuka! (Mshtuko. Mama mmoja anasema, “Lakini si ndiyo raha yenyewe?” Anatulizwa kwa biskuti za mchele.) Pasi, kwa hiyo, inajenga umoja, inaimarisha nidhamu, na kwa mujibu wa takwimu zetu inapunguza gharama kwa asilimia arobaini na moja, endapo watu watano watakuwa watano.

Na hapo, ndugu zangu, tukakutana na changamoto ya kwanza. Jumuiya yetu ina wajumbe ishirini na mmoja. Ukigawa kwa tano unapata pasi nne safi kabisa, halafu anabaki mtu. Nani? Kamati ilikaa na swali hilo majira yote ya baridi, ikala machungwa masanduku mawili, na haikupata jibu, kwa sababu kumtaja mtu ni kumvunjia heshima, na mtu kujitolea mwenyewe ni kuwafanya wenzake waonekane hawana moyo wa kujitolea. Mimi binafsi nilikuwa tayari kabisa kumruhusu mtu yeyote ajitolee. (Kicheko.) Tukaona njia bora ni kuandikisha wajumbe wapya wanne ili tufike ishirini na watano. Tukapita nyumba kwa nyumba, tukapata watatu, na kabla hatujampata wa nne, Mzee Ijuin akahamia kwa binti yake mjini bila kuishirikisha kamati.

(Mzee Kusakabe: “Mwenyekiti, si tungechanganya tu? Pasi nne, na wanaobaki wakate tiketi, tukapanda treni moja, basi!”)

Mzee Kusakabe, wewe kila siku unakata tofu kwa kisu kimoja, chwa, kumekwisha. Uongozi si tofu. Je, hao wenye tiketi wangekaa wapi? Pembeni, kama wageni? Na mwenye pasi akimwona mwenzake mwenye tiketi anakwenda dukani peke yake, moyo wake utabaki salama? Pendekezo lako lilikwisha kujadiliwa, likaonekana lina ufumbuzi wa haraka mno, likakataliwa.

(Mzee Kusakabe anasema jambo kwa jirani yake. Jirani anacheka hadi anakohoa. Katibu ameona si busara kulinukuu.)

Changamoto ya pili ilikuwa ya kibinadamu. Treni za polepole katika njia yetu hazina vyoo. Nikaunda mara moja Kamati Ndogo ya Haja Ndogo, ambayo ilifanya utafiti wa kina, ikabaini kwamba asilimia sitini na nane ya wajumbe wanaweza kuvumilia hadi stesheni ya Nishihata, asilimia kumi wanaweza kuvumilia hadi Hamaura ikiwa hawatachekeshwa, na waliobaki walikataa kujibu wakasema, kama watoto, watatushtaki kwa mama. (Kicheko kirefu.) Na kwa kuwa wenye pasi moja lazima watoke pamoja, ina maana mmoja akibanwa, wanabanwa watano! Ndipo likazuka suala nyeti la nani apangwe na nani, maana wako humu watu wawili ambao hawajasemezana tangu ule uchaguzi wa mpiga ngoma wa tamasha la mtaa, na wako humu watu kumi na tisa ambao, nimeambiwa na sikuamini, waliomba kwa siri wasipangwe pasi moja na mimi.

(Watu ishirini wanaangalia vikombe vyao.)

Ili kujiridhisha, Kamati Kuu ilifanya ziara ya mafunzo katika mji wa chemchemi za maji moto. Tulioga mara tatu kwa siku, tukalinganisha hali ya maji na hali ya mawazo, na tukarejea na uzoefu mkubwa. Nimeulizwa vichochoroni kama tulikwenda kwa pasi au kwa tiketi. Tulikwenda kwa basi dogo la kukodi, kwa sababu suala lilikuwa halijaamuliwa na kamati haikutaka kuonekana inapendelea upande.

(Bibi Tokie anasimama. “Mwenyekiti, naomba kusema, na mnisamehe ninyi nyote kwa kuwapotezea muda.”)

Bibi, sehemu ya nne...

(“Sehemu ya nne sijui kama nitaifikia. Mdogo wangu Sumie yuko Hamaura, kwenye nyumba ya kulelea wazee. Kila Jumapili nampigia simu. Zamani alikuwa akiuliza, ‘Dada, unakuja lini?’ Namwambia, Jumuiya inapanga, tunakuja wote, jiandae, tutakula kaa hadi tuumwe. Anacheka. Jumapili iliyopita nikampigia, akaniambia, ‘Samahani mama, unamtaka nani?’ Mimi, jamani! Mimi niliyembeba mgongoni!” Mtu anapunguza jiko ili lisivume.)

Tunakupa pole, Bibi. Kwa dhati kabisa. Kadi ya Mheshimiwa pia inakupa pole.

(Sauti ya mama: “Dada Tokie, miaka yote hiyo si ungekwenda tu peke yako? Treni ipo kila siku!” Bibi Tokie: “Ningekwendaje? Jina langu liko kwenye msafara. Mimi ndiye niliyeomba twende wote, halafu mimi huyohuyo nikate tiketi niwaache? Mngeniona mtu wa namna gani?” Vichwa vinaitikia ukumbi mzima.)

Mmesikia, ndugu wajumbe! Huo ndio moyo wa Kamisugi! Huyo ndiye mjumbe wa mfano! Miaka mitatu yuko tayari, begi limefungwa, na hajakitangulia kikundi hata hatua moja! Naagiza apewe cheti. (Makofi machache. Bibi Tokie hapigi.) Na kwa ari hiyohiyo, sasa nafika kwenye matokeo. Baada ya mchakato shirikishi, baada ya upembuzi yakinifu, baada ya kupitia mifano ya hesabu yenye mvua na isiyo na mvua, natangaza rasmi mbele yenu na mbele ya kadi ya Mheshimiwa kwamba kati ya pasi na tiketi, Kamati Kuu imeona kwamba pasi ina faida zake, na tiketi nazo zina faida zake!

(Hakuna makofi. Mwenyekiti anasubiri. Mwanawe anaamka, anapiga makofi.)

Kwa hiyo nasema: pasi ni umoja! Semeni, “Umoja!” (Kaka na mwana: “Umoja!”) Tiketi ni uhuru! (“Uhuru!”) Tuingie pamoja! (“Pamoja!”) Tutoke pamoja! (“Pamoja!” Mzee Kusakabe: “Tuanze kwanza kuingia, ndugu!”)

Nikielekea kuhitimisha, niwashukuru nyote kwa uvumilivu wenu. Niwashukuru waliokwisha kununua kofia za safari. Niwashukuru walioacha kupanda mboga zao wakihofia kutokuwepo. Nimshukuru kwa namna ya pekee Bibi Tokie kwa kutupatia jina la Hamaura, jina ambalo lilitusaidia sana katika mifano yetu, kwani ni wazi kwamba bei ya pasi haiwezi kulinganishwa na bei ya tiketi bila kuweka mji fulani kwenye hesabu. Na ili kumbukumbu zikae sawa, nisisitize kwamba Jumuiya haijawahi kuamua kwenda Hamaura, wala kwenda mahali pengine popote. Iliyoidhinishwa ilikuwa kazi ya kulinganisha. Suala la tarehe, la mahali, na la kama kuna kwenda au hakuna, ni la Awamu ya Pili, itakayoanza pindi itakapopatiwa kamati.

(Bibi Tokie: “Mwenyekiti. Msafara haupo?”)

Upo, Bibi, katika ngazi ya dhana.

(“Upo au haupo?”)

Kwa lugha ya moja kwa moja, ambayo mimi binafsi siipendi, haupo. Haujawahi kuwepo. Lakini...

(“Kama msafara haupo, basi hakuna ninayemwacha nyuma.” Bibi Tokie anachukua begi lake. Anafika mlangoni, anageuka, anainama hadi paji la uso linakaribia begi, na kusema, “Naomba radhi kwa kutangulia.” Anavaa viatu.)

Bibi, hotuba haijafungwa. Treni ya mchana ni ya polepole, haina choo!

(Bibi Tokie, akiwa nje: “Nitavumilia!” Mzee Kusakabe anasimama, anainama: “Naomba radhi kwa kutangulia.” Yule mama wa maua ya michungwa: “Naomba radhi kwa kutangulia.” Wale wawili wasiosemezana wanafika mlangoni kwa wakati mmoja, wanapishana kwa heshima, kila mmoja anaomba radhi, wanatoka. Mito inabaki wazi mstari mzima. Kupitia dirisha wanaonekana wamepanga foleni kwenye kidirisha cha stesheni, kila mmoja anakata tiketi yake, na Bibi Tokie yuko mbele, amesukumwa mbele na wenzake.)

Katibu, andika kwamba wajumbe wametoka kwa utaratibu mzuri. Andika pia kwamba Mwenyekiti hakuyumba. Mheshimiwa... kaka yangu, na wewe? Na wewe, mwanangu? Chukua basi koti, kule pwani kuna upepo. Haya. Nikirejea kwa kadi ya Mheshimiwa, napenda kusema kwamba Awamu ya Pili itakuwa na tija kubwa kuliko ya kwanza, na kwamba... Nukina, hiyo ni kengele ya reli? Nukina, mbona umesimama na wewe? Wewe andika.

(Ni kengele ya reli. Katibu anaomba radhi kwa kutangulia.)