Sanduku Nyuma ya Jikoni

Quincy Sitati alipoiona ile mashine kwa muuza vyuma chakavu, alisimama kama mtu aliyeonyeshwa mchumba. Ilikuwa altrasaundi ya zamani ya daktari wa mifugo, ya kupima mimba za ng'ombe: kioo kidogo, waya, na kichwa cha kushika mkononi. Haikuonyesha ndama tena. Ilionyesha ukungu wa kijivu tu.

"Ukungu ni poa," Quincy alijiambia. "Kila mtu ataona anachotaka."

Akavaa koti jeupe, akapanda Milimani, ambako nyua ni pana na wenyewe huamini wakoloni waliondoka wakasahau dhahabu chini ya maua. Lango la kwanza kufunguka lilikuwa la Mama Chepkemei, mjane mwenye ng'ombe wa maziwa kule Subukia na uso usioonekana kumshuku mtu yeyote.

"Habari, mathe. Mimi ni injinia Quincy. Hii mashine inaona mali iliyozikwa."

"Si iko na miale kama eksrei? Nisiungue bure."

"Hapana! Hii ni sauti tu. Inatuma sauti nyembamba, sikio haliwezi kuishika. Ikigonga kitu inarudi, halafu mashine inachora."

Tuseme haki: mpaka hapo Quincy hakuwa amedanganya kuhusu sauti. Alikuwa amedanganya kuhusu mengine yote.

Akamimina jeli kwenye nyasi.

"Na hiyo ni ya nini?"

"Hewa inazuia sauti, mathe. Lazima tuifukuze."

Akakandamiza kichwa cha mashine juu ya jeli, kwa utaratibu wa daktari aliyesomea ng'ambo. Ukungu ukatetemeka. Mama Chepkemei akainama, akakodoa macho.

"Woi! Si hilo ni sanduku? Ona pembe zake! Kumbe marehemu mzee wangu alisema kweli, mzungu wa hapa alizika kitu nyuma ya jikoni!"

Quincy akatazama. Hakuona kitu. Akatazama tena, akaona pembe. Mara ya tatu aliona mpaka kufuli.

Ada ya upimaji aliyokuja kuitafuta ikamtoka kichwani. Kwa nini aombe makombo na sanduku zima liko pale?

"Mathe," alisema, "mwili wa mwenye boma unavuruga mawimbi. Nenda mjini kidogo. Mimi nitaendelea na utafiti."

"Sawa, injinia. Jembe liko pale, na sururu pia, maana chini kuna mawe." Mama Chepkemei akapiga vigingi vinne nyasini. "Nimekuwekea pembe za sanduku, usije ukachimba nje." Akachukua mkoba, akaenda zake.

Quincy alikuwa hajashika jembe tangu shule ya msingi. Alichimba. Koti jeupe likawa la udongo, viganja vikatoa malengelenge, na kila alipopima, sanduku lilikuwa limeshuka chini kidogo. Akalitukana, akalibembeleza, akavunja mwamba kwa sururu huku akiuita kwa majina ya watu wanaomdai. Jua lilipoanza kuinama alikuwa amezama hadi juu ya kichwa.

Lori likaunguruma langoni. Mama Chepkemei akachungulia shimoni.

"Pole na kazi, injinia. Wachimbaji wote niliowaita walikimbia hii miamba. Sasa tangi langu la maji limepata nyumba."

"Tangi?"

"Daktari wa ng'ombe wangu ako na mashine kama hiyo. Mawe haioni, baba. Hata mfupa tu huishinda."

"Lakini sanduku uliliona!"

"Niliona ukungu. Wewe ndiye uliona sanduku." Akawageukia wapakuzi wa lori. "Vijana, mpeni mkono atoke, halafu mshushe tangi polepole."

Mikono ikanyooshwa. Quincy hakuishika. Alikuwa amepiga magoti, akifuta matope kwenye kioo kwa kiwiko, macho yakimwaka.

"Ngojeni, wakubwa!" alilia kutoka chini. "Msishushe! Imebaki futi moja tu!"