Sanduku Jekundu na Fomu ya Njano

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Asubuhi mawingu mazito, upepo wa baridi, manyunyu hadi saa mbili. Ndege tatu zimechelewa. Mabegi kumi na moja hayaonekani. Siku ya kawaida kwenye dawati la mizigo iliyopotea, mpaka saa nne, tulipoitwa sote chumba cha chai na kuambiwa kwamba mpango wa pensheni wa kampuni unafungwa.

Meneja alisoma barua haraka haraka, macho chini. Kampuni haiwezi tena kuuchangia mpango. Sasa tunahamishiwa Mfuko wa Dhamana wa serikali. Kila mmoja amepewa bahasha yenye fomu mbili. Ya kijani: unabaki, na ukifika miaka sitini Mfuko unakulipa kila mwezi mpaka unaingia kaburini. Ya njano: unachukua chako kwa mkupuo, unasaini, hamjuani tena. Mwisho ni Ijumaa saa kumi alasiri, Makao Makuu. Kuna na ukurasa wa tatu wenye maandishi madogo. Nitausoma nikitulia.

Nina miaka hamsini na saba. Ishirini na sita kati ya hiyo nimeimaliza nikiwaambia watu kwamba mabegi yao yako njiani. Mume wangu alishafariki, nyumba ni ya kupanga, na pensheni hii ndiyo uzee wangu wote. Kwa hiyo nimeamua kutumia akili, si kukaa nikipiga miayo kama wengine.

Jioni alikuja shemeji, mdogo wake marehemu. Habari alikuwa nazo tayari. Anasema Mfuko wa Dhamana ni kama ndoo: wanaowahi watachota, wanaochelewa watakuta matope. Njano, shemeji, na uwahi. Halafu ana wazo. Tununue mashine ya kufunga mabegi kwa plastiki, tuiweke mlangoni pa uwanja wa ndege. Mimi nitoe pesa, yeye atoe mawazo. Nikamuuliza nani atafunga hayo mabegi. Akasema hayo ni mambo madogo madogo.

Nimeona ana kichwa.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Jua kali tangu alfajiri.

Kaunta Moja anapanga jambo. Namwita hivyo kwa sababu tuliajiriwa siku moja, yeye akapewa kaunta namba moja mbele ya watu, mimi nikapewa chumba kisicho na dirisha. Hilo la kaunta halinisumbui. Leo nimemkuta anajipaka rangi ya kucha, nikamuuliza amejaza fomu ipi. Akasema, "Mimi sina haraka, dada." Mtu hasemi hivyo bure. Lazima ameshatuma.

Nimejaza ya njano. Saini mbili na dole gumba. Posta siiamini, na bahasha za ofisi huzunguka siku nne. Lakini idara yangu ina ruhusa ambayo idara nyingine haina: kutuma begi lisilo na abiria. Ndivyo tunavyowarudishia watu mizigo yao. Nilikuwa nimekuja na sanduku langu dogo jekundu, lile nililosafiri nalo mara moja maishani, miaka kumi na moja iliyopita, mimi na marehemu, kwa tiketi ya wafanyakazi, kwenda kisiwa kimoja chenye joto. Lebo ya safari ile bado iko kwenye mpini. Sijawahi kuitoa. Sanduku hukaa juu ya kabati sebuleni, lebo ikiangalia mlango, ili mgeni aone kwamba nyumba hii imepanda ndege.

Bahasha ndani, kufuli, lebo mpya ya Makao Makuu. Nikamkabidhi mpakiaji mkuu. Akaniuliza, "Umekagua vizuri, mama?" Nikamwambia mimi ndiye ninayewafundisha watu kukagua.

Ndege imeondoka saa saba na dakika tano. Kwa hesabu yangu nimewatangulia wafanyakazi mia nne. Nimejinunulia soda.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Ukungu. Uwanja ulifungwa hadi saa tatu.

Amekuja mwanamke mwenye miwani kutoka Mfuko wa Dhamana kutueleza mambo. Kumbe Mfuko si ndoo. Hakuna wa kwanza wala wa mwisho. Kila mtu hulipwa kwa miaka aliyofanya kazi na mshahara aliokuwa nao. Ila kuna kikomo, hakuna anayelipwa zaidi ya hapo. Kapteni mmoja anayestaafu mwakani alishika kichwa, maana kikomo kinamkata katikati. Mimi mshahara wangu haujawahi hata kukisogelea kikomo hicho. Nitapata karibu yote. Miaka ishirini na sita nimelalamikia mshahara ule, na leo ndiyo mara ya kwanza umenifaa.

Ungenifaa.

Maana akaja kwenye njano. Mkupuo unakokotolewa kwa kilichosalia kwenye mpango wa kampuni leo, na kilichosalia ni kama robo. Ukisaini, Mfuko haukujui. Akasema anatumaini hakuna aliyekimbilia njano bila kusoma ukurasa wa tatu. Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, nadhani kuliko wote.

Nilipiga simu Makao Makuu. Karani wa pensheni akasema fomu ikishapokelewa haitolewi, labda mwenyewe aje na barua, kwa miguu yake, kabla ya Ijumaa saa kumi. Nikamuuliza kama ameona sanduku jekundu. Akasema yeye anapokea bahasha, mama, masanduku ya nini. Nikafurahi. Kisha nikaogopa. Kama halijafika leo, litafika kesho, na lina jina la ofisi yake kubwa kama bango. Mwandiko wangu.

Binti yangu ni mweka hesabu kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Amenipigia hesabu mezani. Mkupuo nitaula miaka mitatu. Nikinunua mashine ya shemeji, miezi minane. Akaniuliza, "Mama, ukurasa wa tatu uliusoma?"

Nikamwambia nilikuwa sijatulia.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Mvua ya mawe kidogo, kisha shwari.

Sanduku halimo kwenye orodha ya Makao Makuu. Halimo kwenye orodha yetu. Halimo popote. Kwa taratibu zetu, mwenye mzigo hana budi kuripoti dawatini. Dawati ni langu. Nikachukua fomu ya mzigo uliopotea, nikajihoji. Rangi? Nyekundu. Alama ya pekee? Lebo ya kisiwani. Kilichomo? Hapo nikaandika karatasi, nikafuta, nikaandika tena karatasi. Thamani ya kilichomo? Nikaandika: uzee.

Mwisho wa fomu kuna maneno ya kumwambia abiria. Nikajiambia. Mzigo wako uko njiani, tutakupigia simu. Sikuamini hata neno moja. Sasa nawaelewa wale wanaopiga meza.

Imebaki njia moja: niende mwenyewe kesho kwa ndege ya saa tano. Tiketi ya mfanyakazi ni ya kungojea kiti kikibaki, na orodha ya wanaongojea hushikwa na Kaunta Moja.

Nilimwambia nina safari ya kifamilia. Akanitazama juu ya miwani. "Familia gani iko Makao Makuu, dada? Ya njano au ya kijani?" Nikashindwa hata kudanganya. Nikamweleza yote, pamoja na soda. Hakucheka, na hilo lilinichoma zaidi. Akaniweka wa kwanza kwenye orodha.

Anataka kitu. Bado sijajua ni nini.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Anga safi kabisa. Siku nzuri ya kusafiri kwa wanaosafiri.

Saa nne na nusu nilikuwa mlangoni na barua yangu ya kuiondoa ile njano. Kilibaki kiti kimoja. Kikapewa gitaa kubwa la mwanamuziki. Gitaa lilikuwa na tiketi yake, nauli kamili, limelipiwa tangu Januari. Kaunta Moja alimwomba mwanamuziki alipakate. Akakataa. Ndege ikaondoka na gitaa limefungwa mkanda, karibu na dirisha.

Saa tisa na dakika hamsini nilimpigia karani. Simu inatumika. Saa tisa na dakika hamsini na nane, inatumika. Saa kumi kamili ikaita, ikaita, haikupokelewa. Nadhani alikuwa anafunga droo.

Shemeji amekuja jioni na picha ya mashine, ya rangi. Nikamwambia aketi. Nikamweleza. Akasema basi tununue iliyotumika.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Joto, hakuna upepo.

Saa sita mchana Kaunta Moja ameingia chumbani kwangu, mara ya kwanza kwa miaka ishirini na sita, akivuta sanduku dogo jekundu. Limeshuka na ndege ya kutoka kisiwani. Kufuli haijaguswa. Nikafungua. Bahasha. Njano. Saini mbili na dole gumba. Nikakaa chini sakafuni.

Alinigeuzia mpini nione. Wapakiaji walisoma lebo ya zamani badala ya mpya. Sanduku limekwenda kule tulikokwenda mimi na marehemu, limekaa siku tatu juani bila mwenyewe, na limerudi na lebo ya tatu. Kaunta Moja akasema, kwa sauti yangu hasa, ile ninayowasemea abiria, "Mteja mpendwa, kabla ya safari tafadhali ondoa lebo zote za zamani." Halafu akacheka mpaka wanja ukamchuruzika.

Nikamuuliza yeye alijaza ipi. Akasema hakujaza chochote. Ukurasa wa tatu unasema asiyerudisha fomu anahesabiwa kijani.

Yaani amekaa, amepaka kucha, na amepata nilichopata mimi kwa jasho la wiki nzima. Watu wengine hawajui kazi ni nini.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Asubuhi tulivu, umande, jua la wastani. Mabegi manne tu.

Karani amethibitisha kwa simu: jina langu liko kijani. Mfuko utanilipa kila mwezi kuanzia nikifika sitini. Binti yangu alilia kidogo kwenye simu. Akaniomba nimwahidi kwamba sasa nitatulia. Nimemwahidi.

Nimeitafakari wiki nzima kwa utaratibu, na ukweli ni kwamba nilikuwa na akili kuliko nilivyojua. Wengine wangepeleka ile njano kwa posta, ikafika, wakaangamia. Mimi nilichagua njia iliyoniokoa. Shemeji naye anaona hivyo. Anasema kwa pensheni ya uhakika namna hii benki inaweza kutukopesha mashine mpya kabisa. Nimemwambia alete karatasi, nitazisoma nikitulia.

Leo pia imekuja barua ya Mfuko. Wanataka fomu ya akaunti ya benki, nakala halisi, ndani ya siku kumi na nne, la sivyo jina linawekwa pembeni. Kaunta Moja anasema ataipeleka posta. Masikini.

Ya kwangu nimeshaiweka ndani ya sanduku jekundu. Lina uzoefu sasa: limekwenda na kurudi bila mkwaruzo. Nimebandika lebo mpya. Zile tatu nimeziacha, sebuleni zinapendeza.

Linaondoka kesho saa saba na dakika tano.

(Nimeongeza Jumanne asubuhi: jana nililala saa tatu na nusu usiku, usingizi wa pono.)